Mshenga wa Tupendane

Mimi Mwishehe Abdala nimeposea watu thelathini na moja. Katika ndoa hizo zimevunjika mbili tu, na moja kati ya hizo mbili ilivunjwa na mama mkwe, kwa hiyo siihesabu. Hapa Masaki ya Kisarawe na vijiji vya jirani, mzazi mwenye kijana mvivu na mwenye sura ya kukatisha tamaa alianza kwangu kabla hajaenda kwa fundi cherehani. Nilijua kusema. Sisemi haya kwa kujisifu. Zamani nilikuwa nikijisifu, sasa nayasema tu ili mjue nilianguka kutoka wapi.

Ushenga kwetu una masharti mawili. La kwanza, kabla hujaenda kumsemea mtu, unakwenda nyumbani kwake. Unaangalia paa, unaangalia jiko, unaomba maji unakunywa. Maji ya nyumba yanakuambia mengi. La pili, ukishasema na wazee wa binti wakalainika, mjomba wake atauliza, "Nani mdhamini?" nawe unajibu, "Mimi hapa." Kuanzia siku hiyo, binti akipigwa au akilala njaa, ndugu zake hawaendi kwa mume. Wanakuja kwako. Wanakuja wawili, kamwe si mmoja, wanavua viatu mlangoni, wanakaa, na wanasema kwa upole, "Mshenga, tumekuja kwako." Basi wewe unachukua fimbo yako unakwenda kuitafuta haki yao. Hawakutukani wala hawagombi. Upole huo ndio unaouma, kwa sababu mtu akikutukana angalau unapata la kujibu.

Mwaka wa sabini na nne, masika yalipokuwa yanaelekea kwisha, alianza kuja kwetu kijana mmoja wa Chama aitwaye Ponsiano. Alikuwa mtu wa bara, mrefu, ana miwani, ana adabu. Kazi yake ilikuwa kutuhamisha. Watu wa Masaki tulikuwa tumetawanyika, nyumba moja hapa, nyingine kule nyuma ya mihogo na mikorosho, na amri ilikuwa kila mtu aende kwenye kijiji kimoja kipya kitakachoitwa Tupendane. Ponsiano aliitisha mkutano akatusomea karatasi. Akasoma mpaka akageuza upande wa pili. Watu walimsikiliza kwa heshima, wakapiga makofi mahali pa kupiga makofi, kisha wakaenda kuchimba mihogo yao. Akaja mara ya pili na karatasi ndefu zaidi. Makofi yakawa yale yale na mihogo ikachimbwa vile vile.

Mara ya tatu alikuja nyumbani kwangu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Karibu kitako."

Alikaa mkekani, akakunja miguu kwa shida. "Mzee Mwishehe," akasema, "nimeambiwa wewe ukisema, mtu anamtoa binti yake. Mimi nimesoma mpaka chuo, lakini nikisema hata mbuzi hawageuki kuniangalia. Nifundishe."

Baadaye watu wengi walinionea huruma wakidhani nilitishwa. Wapo waliotishwa siku zile, kwa hiyo ningeweza kunyamaza nikapokea huruma yao. Lakini hakuna aliyenitisha. Nilisifiwa. Msomi mwenye miwani aliketi mkekani kwangu akasema nimfundishe, na mimi nikahisi kilemba kinanipanda kichwani chenyewe. Nikamwambia hufundishiki wewe, nitasema mwenyewe.

Nilimuuliza maswali yote ya mshenga. Maji? Kisima kitachimbwa, mashine iko njiani. Mgonjwa? Itajengwa zahanati. Watoto? Shule, na mwalimu ameshapangwa. Mikorosho yetu ya huku? Itabaki ya wenyewe, watakwenda kupalilia na kuokota kama kawaida. Alikunjua karatasi kubwa juu ya mkeka. Ilikuwa na mistari iliyonyooka na vijumba vya mraba, na katikati duara dogo la penseli ya bluu. Hicho ndicho kisima. Niliweka kidole juu ya duara lile.

"Twende nikapaone," nikamwambia.

"Gari halina mafuta leo, mzee. Na mkutano ni keshokutwa."

Nikaacha. Katika posa thelathini na moja sikuwahi kumsemea mtu ambaye sijanywa maji ya nyumba yake, na hiyo ya thelathini na mbili, iliyokuwa kubwa kuliko zote, nikaacha. Wahenga walionya juu ya mbuzi kwenye gunia, lakini walimwonya mnunuzi. Hawakusema lolote juu ya muuzaji ambaye naye hajamwona mbuzi.

Kesho yake dada yangu Mwanajuma alikuja. Ni mdogo wangu, tumbo moja. Mumewe, marehemu Mfaume, alipanda mikorosho arobaini na ushee nyuma ya nyumba yao mwaka ule wa Uhuru, akichimba mashimo mwenyewe na kuyajaza samadi, halafu akafa ilipoanza tu kuzaa vizuri. Hawakujaliwa mtoto. Wenzake walikuwa na mihogo, na mkaa, na waume. Mwanajuma alikuwa na mikorosho. Msimu ukifika alikuwa akiokota tangu alfajiri, na akitaja mti fulani alisema "ule wa Mfaume wa karibu na njia," utadhani mingine ilikuwa ya mtu mwingine. Ndiye mtu pekee Masaki nzima ambaye utani wangu haukumchekesha.

"Kaka, nasikia kesho unaisemea serikali."

"Naisemea."

"Umekwenda kupaona huko Tupendane?"

"Nimepaona," nikasema. Nilikuwa nimepaona kwenye karatasi.

Aliniangalia kidogo, akaniaga, akaenda zake.

Mkutano ulikuwa kwenye uwanja mbele ya ghala la ushirika. Watu walijaa. Ponsiano alifungua kwa maneno matatu, nikasimama. Sikupanda kwenye meza waliyoniwekea. Nilikwenda mpaka walipokaa wazee, nikavua viatu, nikapiga hodi.

Kila mtu alishtuka. Hodi ya posa inajulikana, ina mwendo wake. Mzee Salehe, ambaye amekaa upande wa mjomba katika posa nyingi kuliko ninavyoweza kukumbuka, mdomo wake ulijibu kabla ya akili yake. "Karibu. Umekuja kwa heri?"

"Nimekuja kwa heri, nimetumwa. Aliyenituma ana nyumba kubwa, lakini haina mtu. Ana shule haina mtoto. Ana dawa hazina mgonjwa. Ana kisima hakina mwanamke wa kuteka. Anakaa peke yake anaangalia kiambaza. Akaniambia, Mwishehe, mimi ni tajiri wa vitu na maskini wa watu. Nenda Masaki, nasikia kule watu wapo, tena wana heshima zao. Kaniposee."

Kicheko kilipita uwanjani. Wanawake walianza kusogea mbele. Niliwaacha wacheke mpaka waridhike, maana mtu aliyecheka ameshafungua mlango, kisha nikashusha sauti.

"Na ninyi binti zangu wa Masaki, hapa kwenu mnakaa vipi? Mmoja huku, mwenzake kule. Mtu akishikwa na ugonjwa usiku, mpaka kilio kimfikie jirani, na jirani amtafute mwenzake, na wote watafute kitanda cha kumbebea. Njia ya Kisarawe mnaijua urefu wake."

Mwaka uliotangulia mke wa Salumu alifia juu ya kitanda katika njia hiyo, na mtoto tumboni. Salumu mwenyewe alikuwa amekaa safu ya pili. Sikumtaja. Ukimtaja mtu, wengine watabisha, watasema yule alichelewa kupelekwa, au ilikuwa kazi ya Mungu. Usipomtaja, kila mmoja anamtaja moyoni mwake, na hapo hapana wa kubishana naye. Nilijua hivyo, na nilifanya makusudi. Salumu aliinamisha kichwa, na nikaona kwamba nimewapata.

Mwanajuma akasimama. Si kawaida ya mwanamke kusimama katikati ya posa, lakini hiyo nayo haikuwa posa ya kawaida.

"Kaka," akasema. "Mikorosho ya Mfaume."

Wote waligeuka kunitazama, kwa sababu kila mtu alikuwa na mikorosho yake ya kuulizia. Ningeweza kusema, hilo amelisema Ponsiano, muulizeni yeye. Badala yake nikasema, "Dada yangu, mwanamke akiolewa hakatazwi kwao. Mikorosho ni kwenu. Utakwenda, utapalilia, utaokota, utarudi kwa mumeo na kapu kichwani. Na atakayekuzuia wewe njiani atakuwa amenizuia mimi."

Makofi yalivuma. Mwanajuma alikaa taratibu, na nikamwona ananiamini. Tangu utoto wetu hakuwahi kuniamini namna ile. Nilifurahi, Mungu anisamehe, nilifurahi kuliko siku yoyote ya maisha yangu.

Mzee Salehe akakohoa. "Nani mdhamini?"

Swali hilo sikulipangia jibu. Lakini mdomo uliokwisha kujibu mara thelathini na moja hauhitaji mpango. "Mimi hapa," nikasema. "Likiharibika, njooni kwangu."

Ponsiano alikuwa akiandika kwenye daftari lake haraka haraka. Maneno matamu humtoa nyoka pangoni, nasi tulitoka wote.

Malori yalikuja mwezi wa sita. Tupendane ni mgongo wa kilima, mwendo wa kutoka baada ya alfajiri mpaka karibu na adhuhuri kutoka Masaki. Mistari ilikuwepo, imenyooka kweli. Kila nyumba ilikuwa na kigingi chake chenye namba. Katikati, mahali pa duara la bluu, palikuwa na kigingi kingine, hicho hakina namba. Mashine ya kuchimbia, tukaambiwa, imeharibikia njiani. Maji yalikuwa bondeni, mbali, ya rangi ya chai ya maziwa. Shule ilikuwepo: banda la makuti, na mwalimu kijana aliyefundisha mpaka akaugua. Sisemi kila kitu kilikuwa cha uongo. Lakini kisima hakikuwepo, zahanati haikuwepo, na mwezi wa nane ikatoka amri kwamba hakuna kurudi kwenye mahame, kule tulikotoka.

Amri ilikuwa na sababu yake. Waliokuwa wakiaga kwenda kuangalia mashamba walikuwa hawarudi, wanalala huko huko katika nyumba zao zilizoezuliwa. Kwa hiyo mgambo wakawekwa njiani. Anayetaka kwenda awe na kibali, na kibali hakikutolewa.

Wasioijua mikorosho watadhani mti ule unajilea. Majani ya chini yake lazima yafyekwe kabla ya msimu, la sivyo korosho zinadondoka kwenye nyasi na huzioni. Hilo ni dogo. Kubwa ni kwamba nyasi za masika hukauka mwezi wa nane na wa tisa, na moto mmoja wa mrina asali asiyejali unaweza kumaliza shamba zima mchana mmoja. Kila mtu Tupendane alilijua hilo. Tulikuwa tunakaa pale kilimani tukiangalia upande wa Masaki, na majani yalikuwa yanakauka.

Wa kwanza kuja kwangu walikuwa Mzee Salehe na Salumu. Wawili. Wakavua viatu.

"Mshenga, tumekuja kwako."

Nilichukua fimbo yangu nikaenda kwa Twalibu, katibu wa kijiji. Twalibu tulikua naye, alikuwa mchuuzi wa chumvi kabla hajapata kalamu. Nilimweleza ahadi zilizotolewa. Akavuta faili, akalipekua ukurasa mmoja mmoja, bila kunidharau.

"Mzee Mwishehe, humu hayamo. Hayo maneno alisema nani?"

"Niliyasema mimi."

"Basi," akasema, na akalifunga faili pole pole. Nadhani hata yeye aliona aibu.

Wakaja jirani yetu Adamu na mdogo wake. Wakaja mabinamu wa Salumu. Kila baada ya siku chache wawili wengine, viatu mlangoni, upole ule ule. Mke wangu alikuwa akiwapa maji ya bondeni na wao walikuwa wakiyanywa bila kusema kitu juu ya rangi yake. Kila mara nilichukua fimbo nikaenda kwa Twalibu, na kila mara nilirudi. Ikafika mahali nikawa nachukua fimbo na kuzunguka nyuma ya nyumba tu, nikakaa huko muda wa kutosha, kisha nikatokea tena.

Halafu akaja Mwanajuma. Alikuja peke yake. Kwa desturi wanakuja wawili, na wa pili wake ningekuwa mimi.

Alivua kandambili zake mlangoni kama mgeni. "Mshenga, nimekuja kwako," akasema. Hakuniita kaka.

"Usiniite hivyo, Mwanajuma."

"Nyasi zimefika kiunoni, Adamu alipita kwa siri akaziona. Nataka siku sita tu. Nifyeke, nikate njia ya moto, nirudi. Sitaki kubaki huko. Nimekubali kuhama, nilikubali kwa sababu ulisema wewe. Nataka siku sita."

Nikamwambia nitakwenda kwa Ponsiano mwenyewe. Ponsiano alikuwa amehamishiwa upande wa Kibaha, kwa kazi nzuri aliyoifanya kwetu. Nilitembea mpaka Kisarawe, nikapanda basi mpaka Dar es Salaam, nikapanda jingine la barabara ya Morogoro, nikashuka Mkuza, nikauliza mpaka nikafika alipopanga chumba, Tangini. Alinipokea kama baba yake. Alininunulia chai na mkate. Nilipomaliza kumweleza alikuwa amevua miwani na anaifuta kwa shati.

"Sikujua, mzee. Kuhusu mikorosho, mimi niliambiwa vile nilivyokuambia."

"Sikulaumu. Nataka karatasi moja tu, ya siku sita, ya dada yangu."

"Nitakuandikia. Lakini sasa hivi gari linanisubiri, nina mkutano upande wa Mlandizi. Twende wote, tukirudi naandika."

Kwa hiyo nikapanda Landrova. Tulifika kijiji kimoja cha wakulima, Waislamu kama sisi, kanzu kama zetu, mikorosho kama yetu. Walikuwa wamekaa uwanjani wanangoja. Ponsiano alishuka, hakutoa karatasi. Alikwenda mpaka walipokaa wazee, akavua viatu, akapiga hodi.

Ilikuwa hodi yangu. Nilitaka kucheka na nikashindwa. "Aliyenituma ana nyumba kubwa," alisema yule kijana, "lakini haina mtu." Alikuwa amejifunza mpaka mahali pa kupumzikia. Aliwaacha wacheke mpaka waridhike, akashusha sauti. Akafika kwenye mgonjwa wa usiku na kitanda cha kumbebea, na sikujua mtu wao aliyefia njiani alikuwa nani, lakini nilimwona mwanamke mmoja akifunika uso kwa kanga.

Na mimi machozi yakanitoka. Nawaambieni kweli, nilijua hakuna kisima. Nilikuwa nimekunywa maji ya bondeni siku mbili nyuma. Maneno hayo niliyatunga mwenyewe kwa akili yangu, najua kila neno nililiweka pale kwa kazi gani. Na bado nilipoyasikia yakitoka katika kinywa cha mtu mwingine nilitamani kuhamia katika kijiji hicho. Nilipiga makofi pamoja nao kabla sijajua mikono yangu inafanya nini.

Kisha mzee mmoja wao, waliyemwita Matano, akauliza lile lile. Kumbe na kwao wanauliza. "Nani mdhamini?"

Ponsiano aligeuka akanionyesha. "Mdhamini nimekuja naye. Huyu ni mshenga mkubwa wa Kisarawe. Watu wake wameshahama. Muulizeni."

Sidhani alinitega. Nadhani alifurahi tu kuwa na mtu wa kumwonyesha. Nilisimama. Watu wote wale walikuwa wananitazama, na barua ya Mwanajuma ilikuwa haijaandikwa.

"Ndugu yangu," akasema Matano, "kwenu walihama?"

"Walihama."

"Na wewe umehama?"

"Nimehama."

"Watoto wanasoma?"

"Wanasoma. Mwalimu yupo."

"Na maji?"

Swali hilo nimelikumbuka miaka yote iliyofuata. Ningeweza kusema maji ni ya rangi ya chai, na msihame. Neno moja tu lingetosha. Nilimwangalia Ponsiano, naye alikuwa ananiangalia kwa tumaini. Nikaiwaza karatasi, na siku sita.

"Maji tunakunywa," nikasema.

Wakapiga makofi. Katika majibu yale manne hakuna hata moja lililokuwa la uongo. Katika usemaji wangu wote sijawahi kusema kweli tupu namna ile, na sijawahi kudanganya vibaya namna ile.

Barua aliniandikia siku ile ile, kwa mwandiko mzuri, na sahihi chini. Niliibeba kifuani chini ya fulana. Nilipofika Tupendane sikupitia hata nyumbani, nilikwenda moja kwa moja kwa Twalibu. Akaisoma mara mbili.

"Barua ni nzuri," akasema. "Lakini aliyeiandika hana madaraka tena huku. Lazima iende bomani igongwe muhuri, na mgambo hawampitishi mtu bila muhuri. Nitaituma kesho."

"Itachukua muda gani?"

"Si muda mrefu."

Mwanajuma alilinoa panga lake siku hiyo hiyo. Alikwenda kukaa mlangoni kwa Twalibu kila asubuhi, panga limefungwa kwenye kanga, na chakula cha njiani kwenye kikapu. Mimi nilikuwa nikimpitia, nikimwambia leo huenda ikaja. Nikawa na namna mpya ya kulisema kila siku. Siku moja nilimwambia karani wa bomani ni mtu mzuri, na karani mwenyewe sikumjua.

Siku ya nane, kwenye saa saba mchana, tuliona moshi.

Ulianza mwembamba, upande wa Masaki, halafu ukawa mpana. Upepo ulikuwa mkali siku hiyo. Watu walitoka katika nyumba zao zote za mstari mmoja wakasimama, na kwa mara ya kwanza tulikuwa pamoja kweli kama karatasi ilivyotaka. Wanaume wengine walianza kuteremka mbio, mgambo wakawarudisha, ingawa nao ni wana wa watu na walikuwa wanalia. Amri ni amri, walisema. Mwanajuma hakukimbia. Alisimama na panga lake kwenye kanga mpaka moshi ulipobadilika rangi.

Kibali kilikuja siku ya kumi. Kilikuwa na muhuri mzuri, wa duara, wa bluu. Siku sita, kama nilivyoomba. Twalibu alinipa bila kuniangalia usoni.

Mwanajuma alisema tutakwenda, kibali ni kibali. Tulikwenda sisi wawili. Mgambo walikisoma wakatupisha kwa heshima. Tulipofika nyuma ya iliyokuwa nyumba yake, ardhi ilikuwa nyeusi mpaka kule ambapo macho hayafiki, na bado ilikuwa na joto chini ya viatu. Mikorosho ilikuwa imesimama yote, matawi bila jani hata moja. Magome yamepasuka. Kulikuwa na harufu ya korosho zilizoungua, ile ile ya siku za kukaanga, na hiyo ndiyo iliyonivunja moyo.

Mwanajuma alitembea mti hadi mti. Aligusa kila mmoja, akageuza kiganja chake akaangalia masizi. Alipofika kwenye ule wa karibu na njia alikaa chini, na kibali mkononi.

Mimi nilibaki nimesimama. Nilikuwa na la kumwambia. Najua mikorosho, mingine inachipua tena kwenye mizizi baada ya moto ukiikata vizuri, si yote, lakini mingine. Lilikuwa jambo la kweli. Na nilihisi jinsi litakavyotoka: nitaanza na Mfaume na yale mashimo aliyochimba mwenyewe, nitashusha sauti, nitasema mizizi yake bado iko chini na moto haufiki huko. Maneno yalikuwa yameshajipanga yenyewe bila mimi kuyaita. Nikafungua mdomo.

"Nyamaza, kaka," akasema.

Hakupaza sauti. Alinishika upindo wa kanzu, kama alivyokuwa akinishika tulipokuwa wadogo akiogopa mbwa.

"Najua una neno zuri. Usiliseme. Ukilisema nitaridhika, na mimi sitaki kuridhika."

Nikafumba mdomo. Nilikaa chini karibu naye, na hapakuwa na kitu kingine chochote ambacho ningeweza kumpa.